Sindano ya Messi ilimpa urefu, siyo mguu wa kushoto

JUMAMOSI moja asubuhi nilikuwa pembeni ya uwanja wa mchanga huko Temeke, naangalia majaribio ya timu ya vijana wa chini ya miaka 15. Watoto walikuwa kama sitini hivi. Kocha aliwapanga mstari, akawa anapita mbele yao kama mtu aliyekwenda mnadani kununua mbuzi. Wewe kaa huku, wewe nenda kule.

Akafika kwa dogo mmoja ambaye jezi ilikuwa imemfika magotini. Akamgusa bega, akamwambia, "Wewe rudi mwakani, ukishakua." Basi. Hakuona hata anavyougusa mpira.

Baba wa yule dogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokuwa. Alipoona kitambulisho changu akanisogelea.

"Shikamoo mzee," nikamuwahi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mwandishi wa mpira? Hebu nisaidie. Hivi ile sindano aliyochomwa Messi, hapa Dar inapatikana hospitali gani?"

Nikacheka nikidhani ananitania. Mzee hakucheka. Akaniambia mtoto wake ana miaka 13, na mdogo wake wa miaka 10 wanavaa saizi moja. Vijana wa kijiweni wamemwambia Messi naye alikuwa mfupi hivyohivyo, Barcelona wakamchoma sindano, akarefuka, akawa Messi.

"Nina bodaboda mbili," akasema. "Ikibidi, moja nauza."

Sikuwa na jibu. Mimi nimesomea uandishi wa habari, sikusomea udaktari. Nikachukua namba yake ya simu, nikamwahidi nitatafuta. Na nikiri jambo hapa: mimi mwenyewe nina futi tano na inchi nne. Kwenye mikutano ya makocha na waandishi huwa nanyoosha kinasa sauti juu kama mtu anayeangua maembe. Kwa hiyo swali la yule mzee lilinigusa.

Si yeye peke yake anayeuliza. Kaa kijiwe chochote wanapobishania Messi na Ronaldo, utasikia. Wa Ronaldo watasema Messi ni wa kutengenezwa maabara, bila dawa asingekuwa kitu. Wa Messi nao watajibu kuwa ile sindano ni miujiza ya Barcelona. Pande zote mbili zimekosea, na kosa hilo ndilo linalotaka kumfanya mtu auze bodaboda.

KIROBOTO WA ROSARIO

Lionel Messi alizaliwa Rosario, Argentina, Juni 24, 1987. Baba yake, Jorge, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Bibi yake, Celia, ndiye aliyembana kocha wa Grandoli, timu ya mtaani kwao, amwingize uwanjani mtoto aliyekuwa mdogo kuliko wote. Ukimwona Messi anafunga kisha ananyoosha vidole juu mbinguni, anamkumbuka bibi huyo, aliyefariki mwaka 1998.

Baadaye akaenda timu ya watoto ya Newell's Old Boys. Alikuwa anawapiga chenga watoto waliomzidi kichwa kizima. Jina lake la utani lilikuwa Kiroboto. Lakini kila mwaka wenzake walikuwa wanarefuka, yeye anabaki palepale.

Mwanzoni mwa mwaka 1997, akiwa hajatimiza hata miaka 10, akapelekwa kwa daktari wa homoni wa palepale Rosario, Diego Schwarzstein. Zingatia hilo: ni Rosario, siyo Barcelona. Messi alipimwa, akajulikana tatizo lake na akaanza sindano akiwa bado kwao, miaka mitatu na zaidi kabla hajaonwa na Barcelona.

Vipimo vilichukua miezi. Jibu likawa kwamba mwili wake hautengenezi homoni ya ukuaji ya kutosha. Daktari huyo amesimulia mara nyingi kwamba mtoto alimuuliza kama atakua, naye akamjibu kuwa atakuwa mrefu kuliko Maradona. Kama atakuwa bora kuliko Maradona, hilo hakujua. Maradona alikuwa na mita 1.65. Messi leo ana mita 1.70. Daktari alipatia.

Sindano yenyewe si ile ya kwenda kituo cha afya na kushikwa na manesi wawili. Ni sindano ndogo ya chini ya ngozi, inayofanana na ile ya wagonjwa wa kisukari. Messi mwenyewe ameeleza jinsi alivyokuwa anajichoma kila usiku, leo mguu huu, kesho ule. Anakwenda kulala kwa rafiki yake, dawa anayo. Mtoto wa darasa la tano anajichoma sindano kila siku, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka. Mimi nikichomwa moja ya malaria naangalia ukutani.

MLANGO ULIOPO KWENYE MIFUPA

Sasa tuingie kwenye sayansi kidogo. Usiogope, nitaenda polepole kama nilivyoelezwa mimi.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, saizi ya punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, na inaitoa kwa mafungu, zaidi usiku mtoto akiwa amelala. Ndiyo maana kupima damu mara moja asubuhi hakuwezi kukwambia lolote. Daktari humpa mtoto dawa ya kuiamsha tezi, kisha anachukua damu mara kadhaa kwa saa chache aone kama tezi inaitika.

Homoni hiyo inafanya kazi kwenye ncha za mifupa mirefu. Mtoto anazo pale sehemu laini ambazo bado hazijawa mfupa kamili, na hapo ndipo anaporefukia. Akishabalehe, zile sehemu laini zinakuwa mfupa, zinaziba. Zikiziba, basi. Hata umchome sindano za dunia nzima hatorefuka.

Kwa hiyo swali la kwanza la daktari ni kama mlango bado uko wazi. Na anautazama wapi? Kwenye mkono wa kushoto. Anapiga picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono, anaangalia mifupa imefikia wapi. Unaweza kuwa na mtoto wa miaka 12 ambaye mifupa yake ni ya mtoto wa miaka 9. Huyo bado ana nafasi ya kurefuka. Na unaweza kuwa na kijana wa miaka 15 ambaye mifupa imeshafunga hesabu.

Wewe shabiki wa soka la vijana mkono huo unaujua. Ndio uleule FIFA wanaoupima kwa MRI tangu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Mfupa wa kifundo ukionekana umeungana kabisa, mchezaji anaambiwa wewe si wa chini ya miaka 17, rudi nyumbani. Januari 2023 Cameroon walipima wachezaji 30 wa timu yao ya vijana, wakaanguka 21. Rais wa shirikisho, Samuel Eto'o, ndiye aliyeamuru kipimo.

Nimewaza sana kuhusu hilo. Kwenye soka la vijana la kwetu tunautazama mkono wa mtoto kumkamata aliyedanganya umri. Sijawahi kusikia kocha wa timu ya vijana akiutazama mkono huohuo kumsaidia yule mfupi. Wakati tunapochagua majitu yenye ndevu kucheza chini ya miaka 15, mtoto ambaye mifupa yake imechelewa miaka miwili anarudishwa nyumbani akakue. Pengine yeye ndiye mwenye umri sahihi pale uwanjani.

DAWA ILIYOTOKA KWA MAITI

Hapa nilishtuka mwenyewe nilipokuwa nasoma. Zamani homoni hii ilikuwa inatolewa kwenye tezi za watu waliokufa. Mwaka 1958 daktari wa Boston, Marekani, Maurice Raben, alitoa taarifa kwamba amemchoma kijana mmoja homoni iliyokamuliwa kwenye tezi za maiti na kijana akaanza kurefuka. Baada ya hapo nchi nyingi zikawa zinakusanya tezi hizo. Mtoto mmoja alihitaji tezi nyingi kwa mwaka, na hazikutosha. Wengi walikuwa wanasubiri foleni.

Mwaka 1985 mambo yakaharibika. Iligundulika kuwa baadhi ya vijana waliopata dawa hiyo utotoni walikufa kwa ugonjwa adimu wa ubongo unaoitwa Creutzfeldt-Jakob, uliotoka kwenye baadhi ya zile tezi. Marekani na Uingereza wakaisimamisha. Mwaka huohuo Marekani ikaruhusu homoni mpya iliyotengenezwa maabara na kampuni ya Genentech, kwa kutumia bakteria walioingizwa maelekezo ya kuitengeneza. Hakuna maiti tena.

Messi alizaliwa miaka miwili baadaye. Angezaliwa mwaka 1967, angekuwa kwenye ile foleni ya tezi za maiti, na Mungu anajua angepata ipi.

Siku hizi zipo hata sindano za mara moja kwa wiki, Marekani waliiruhusu ya kwanza ya aina hiyo kwa watoto mwaka 2021. Nyingi bado ni za kila siku, na zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Maana yake unahitaji friji, na friji inahitaji umeme usiokatika ovyo. Mengine sina haja ya kuwaambia.

KARATASI YA KUFUTIA MIKONO

Haya, tuje kwenye pesa, maana mzee wa Temeke alishaanza kupiga hesabu za bodaboda.

Kiasi kinachotajwa kwa dawa ya Messi ni kati ya dola 900 na 1,500 kwa mwezi, inategemea nani anasimulia. Kwa miaka kama miwili bima na mfuko wa afya wa kazini kwa Jorge vilibeba mzigo. Kisha vikaacha. Argentina yenyewe wakati huo uchumi ulikuwa unaporomoka. Newell's waliombwa wasaidie. Hapo kuna maneno mawili: klabu inasema ilichangia, familia inasema ilichopata ni kidogo mno. River Plate nao walimwona kwenye majaribio, hawakumchukua.

Septemba 2000 baba na mtoto wakapanda ndege kwenda Barcelona. Carles Rexach, aliyekuwa na sauti kwenye usajili, alikuwa Sydney kwenye Olimpiki. Wakamsubiri. Aliporudi ikapangwa mechi dhidi ya wakubwa kidogo. Rexach amesimulia kuwa aliingia akiwa amechelewa, akawa anazunguka pembeni ya uwanja kwenda kwenye benchi, na kabla hajafika kukaa alishaamua.

Lakini klabu ikasita. Mtoto wa miaka 13, mgeni, mfupi, na anakuja na bili ya dawa. Wiki zikapita, Jorge akachoka. Desemba 14, 2000, kwenye klabu moja ya tenisi mjini Barcelona, Rexach akachukua karatasi ya kufutia mikono mezani na kuandika kuwa kwa dhamana yake mwenyewe, na licha ya wengine kupinga, anakubali kumsajili Lionel Messi. Wakala Josep Minguella na Horacio Gaggioli walikuwa hapo na jina la kila mmoja limo. Mei 2024 karatasi hiyo iliuzwa mnadani London kwa pauni 762,400.

Barcelona wakabeba gharama za dawa. Hicho ndicho walichokitoa: malipo. Hawakugundua ugonjwa, hawakuvumbua tiba. Mapema mwaka 2001 familia nzima ikahamia Hispania, na miezi michache baadaye mama na ndugu zake wakarudi Rosario. Akabaki na baba yake, na sindano zake, katika nchi ambayo watu wake wanamcheka lafudhi. Alipofika miaka 14 hivi tiba ikaisha. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa dhidi ya Espanyol, Oktoba 16, 2004, akiwa na miaka 17.

Ninachokiona hapa ni kwamba Messi alikuwa na bahati tatu. Alipimwa mapema, mlango wa mifupa ukiwa wazi. Mahali alipozaliwa palikuwa na daktari wa homoni. Na pesa ilipokatika, kipaji kikamtafutia mlipaji. Sasa fikiria mtoto wa Rosario mwenye ugonjwa uleule ambaye mpira hajui. Bili yake nani alimlipia?

DAKIKA YA 70, ROMA

Wale wa "bila dawa asingekuwa kitu" nawakumbusha Mei 27, 2009. Uwanja wa Olimpico, Roma, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Barcelona wanaongoza 1-0 dhidi ya Manchester United, bao la huyuhuyu Eto'o. Dakika ya 70 Xavi anamwaga krosi. Langoni yuko Edwin van der Sar, mita 1.97. Karibu yupo Rio Ferdinand, mita 1.89. Kiroboto anaruka, kiatu kinamvuka, anaupeleka mpira kwa kichwa juu ya kipa. 2-0. Mchezo umekwisha.

Jamaa mmoja aliwahi kuniambia bao lile ndilo ushahidi wa sindano. Nenda kaangalie video tena. Messi hakumshinda mtu kwa urefu pale. Alikaa nyuma ya mabeki, mahali ambapo hakuna aliyemtazama, akausubiri mpira. Hiyo ni akili. Hakuna kichupa cha akili kwenye friji ya duka la dawa.

Homoni ilimsogeza kutoka ufupi wa ugonjwa hadi urefu wa mtu wa kawaida aliye mfupi kidogo. Mita 1.70 ni urefu wa Xavi, na Xavi hakuna anayemsema. Maradona alikuwa mfupi zaidi, Romario mita 1.67, N'Golo Kante mita 1.68. Mpira una nafasi ya wafupi tangu zamani, tatizo liko kwa makocha wetu wanaotaka beki akiwa darasa la saba tayari afanane na Vidic.

Suala la dopingi nalo tulimalize. Homoni ya ukuaji ni marufuku kwa wanamichezo, wakati wa mashindano na nje ya mashindano. Mwaka 2010 mchezaji wa ragbi wa Uingereza, Terry Newton, akawa wa kwanza kufungiwa baada ya kipimo kuikuta kwenye damu yake. Ila anayeugua kweli anaweza kuomba kibali cha matibabu, kwa vipimo na barua za madaktari. Messi alipewa kile ambacho mwili wake ulishindwa kutengeneza, na alimaliza kabla hajagusa ligi ya wakubwa. Mtu mzima mwenye afya anayejichoma kwa siri gym harefuki hata nukta. Anachovuna ni viganja na taya kuvimba, sukari kupanda, na moyo kupata shida.

WAFUPI WENGI HAWANA UGONJWA HUO

Sehemu hii ndiyo niliyoitafuta zaidi kwa ajili ya mzee wangu.

Upungufu wa homoni ya ukuaji ni tatizo adimu. Makadirio ya kawaida ni mtoto mmoja katika kila 4,000, na wengine wanasema ni wachache kuliko hapo. Watoto wengi wafupi ni wafupi kwa sababu wazazi wao ni wafupi. Wengine wamechelewa tu kubalehe, na mara nyingi baba au mama naye alichelewa. Hao hurefuka wenzao walipokwisha kusimama. Mimi nipo kundi la kwanza, mama yangu ni mfupi kuliko mimi.

Kwetu kuna sababu nyingine kubwa zaidi, nayo ni udumavu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ni asilimia 18. Udumavu unatokana na lishe duni na magonjwa ya mara kwa mara tangu mimba hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, zile siku 1,000 za kwanza. Huo hautibiwi kwa sindano ya Messi. Tezi ya mtoto huyo ni nzima, chakula ndicho kilichokosekana.

Halafu kuna magonjwa yanayozuia ukuaji hata kama homoni ipo: seli mundu, figo, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, VVU visivyotibiwa. Kuna na wasichana waliozaliwa na hali inayoitwa Turner, na hao homoni hiyohiyo huwasaidia. Ukimrukia mtoto na sindano bila kujua ni lipi kati ya haya, umepoteza pesa na umeacha ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Na hata pale ambapo hakuna ugonjwa wowote, mzazi anataka tu mtoto arefuke, matokeo ni madogo. Marekani waliruhusu homoni kwa watoto wa namna hiyo mwaka 2003. Baada ya miaka kadhaa ya kuchomwa, wastani wa kilichoongezeka ni kama sentimita 5. Weka vidole vitatu ukutani uone. Kule gharama inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kwa vidole vitatu.

Sasa mzazi afanye nini? Jibu ni rahisi hadi linachekesha: ampime. Kadi ya kliniki tunaifuata mpaka mtoto anafika miaka mitano, baada ya hapo inatupwa kabatini na hakuna anayempima tena mpaka akakutane na kocha wa Temeke. Chukua penseli, msimamishe ukutani bila viatu, weka alama na tarehe. Rudia baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Mtoto mwenye zaidi ya miaka minne, kabla ya kubalehe, anatakiwa kuongeza kama sentimita 5 au zaidi kwa mwaka. Akiongeza chini ya hapo, mpeleke hospitali, na uende na vipimo vyako. Hospitali ya wilaya watakupa rufaa. Madaktari wa homoni za watoto ni wachache ukanda huu, lakini wapo. Tangu mwaka 2008 Nairobi kuna mafunzo ya kuwaandaa kwa ajili ya nchi za Afrika.

Usisubiri mpaka aote ndevu. Na zile "dawa za kurefuka" zinazouzwa mitandaoni kwa picha ya mzungu kabla na baada, achana nazo. Homoni hii ni protini, ukiimeza kama kidonge tumbo linaisaga kama maharage.

SIMU YA JUZI

Juzi nikampigia yule mzee, nikamweleza haya yote kwa kirefu. Akanisikiliza bila kunikatiza. Bodaboda zake zote mbili bado zipo.

Nikamuuliza kama ana namna yoyote ya kujua mtoto ameongezeka kiasi gani mwaka jana. Akasema hapana, hajawahi kumpima. Akanyamaza. Nikamsikia anamuuliza mkewe kitu pembeni. Akarudi kwenye simu.

"Mwanangu, mama yake anasema suruali ya shule aliyoshonewa akiingia darasa la tano bado inamtosha urefu. Sasa yuko la saba. Hiyo nayo ni kipimo?"

Nikamwambia ni kipimo, aibebe aende nayo. Wana miadi Jumanne, na kadi ya zamani ya kliniki wameipata chini ya godoro.

"Na mpira bado anacheza?" nikamuuliza.

"Yuko hapo nje anapiga danadana. Nimwite?"